Kuunganisha na Kupaka Gitaa la Besi Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu nianze kupiga kanisani besi niliyoiunganisha mwenyewe, watu hunisimamisha baada ya ibada, wengine kebo ikiwa bado mkononi. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara. Mpaka sasa nimeunganisha nne: mbili zangu, moja ya kijana wa kwaya yetu, na moja niliyoiharibu.

Seti ya besi huja na nini hasa?

Mwili wa mbao uliokwisha kuchongwa mashimo, shingo iliyotiwa freti zake (vijiti vya chuma vilivyoipita kwa upana), daraja la chuma, mashine nne za kukazia nyuzi, vifundo vya sauti, tundu la kebo, bati la shingo na skrubu zake nne, kibao cha plastiki cha kukinga uso, na pikapu. Hii si pikapu ya kubebea mchanga: ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana, nayo hunasa mtetemo wa uzi na kuugeuza kuwa umeme. Nyuzi huwemo pia, lakini mara nyingi ni za kujaribia tu. Mbao huja tupu, na hapo ndipo kazi ilipo.

Karibu seti zote hufuata besi mbili za Fender, kampuni ya Marekani: Precision, iliyotoka mwaka 1951, na Jazz, ya mwaka 1960. Leo Fender alikuwa fundi wa redio kabla ya kutengeneza magitaa, wala hakujua kupiga gitaa. Aliunda chombo ambacho shingo yake hufungwa kwa skrubu bila gundi, kifunguliwe na kufungwa tena kama redio. Ndiyo sababu wewe na mimi tunaweza kukiunganisha sebuleni.

Mimi si fundi wa mbao. Nitaweza?

Kama uliwahi kufunga kitanda na skrubu hazikubaki mkononi, kuunganisha utaweza. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja. Kupaka ndiko kunakochukua wiki sita hivi, na siku nyingi kati ya hizo ni za kungoja. Walioharibu besi, nikiwemo mimi, wengi hawakukosa ufundi. Walikosa kungoja.

Ni bei nafuu kuliko kununua iliyo tayari?

Hapana. Seti ya kawaida huuzwa ng'ambo kwa kati ya dola 100 na 200. Ongeza usafiri, kisha ushuru na VAT ya asilimia 16, ambayo hukokotolewa juu ya bei ikiwa pamoja na usafiri, wala si bei ya kitu peke yake. Muulize wakala jumla yote hadi mlangoni kabla hujatuma pesa. Ongeza msasa, rangi na nyuzi nzuri, halafu linganisha na besi ya mkono wa pili hapa mjini. Mara nyingi ya mkono wa pili itashinda kwa bei. Jenga seti kwa sababu unataka kukijua chombo chako ndani na nje.

Precision au Jazz?

Kwa anayeunganisha mara ya kwanza, Precision. Ina pikapu moja iliyokatwa vipande viwili (mpangilio wa tangu 1957) ambavyo hufuta mvumo wa umeme vyenyewe, na waya zake ni chache. Jazz ina pikapu mbili za koili mojamoja: ukizifungua zote sawasawa mvumo hufutika, ukipunguza moja unarudi. Sauti ya Jazz ina ukali fulani unaofaa benga, ambako besi haikai nyuma kuhesabu mapigo bali inajibizana na gitaa. Lakini Precision nayo itapiga benga, na rumba, na pambio za Jumapili asubuhi, na hakuna atakayekuuliza.

Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya nyota, drili na keekee nyembamba, alenki, ule ufunguo wa pembe sita (huwa ndani ya seti), rula ya chuma ya mita moja, msasa, na pasi ya kulehemu ya wati 40 pamoja na risasi yake. Vitu vya umeme hupatikana Luthuli Avenue. Ukibadilisha vifundo vya sauti, omba vilivyoandikwa A250K. Muuzaji akikupa B250K akisema ni sawa, zitafanya kazi, ila sauti itaruka kwa ghafla badala ya kupanda polepole.

Nikishafungua boksi, nianze na nini? Rangi?

Usiguse rangi. Kwanza iunganishe besi nzima ikiwa mbao tupu, hadi nyuzi mbili za pembeni zikae, kisha uifungue tena. Nalisema hili kila mara na kila mara kuna anayeruka hatua. Drili ikiteleza kwenye mbao tupu, msasa utasawazisha. Ikiteleza kwenye laka uliyoing'arisha mwezi mzima, utakaa chini kwanza kabla ya kuongea na mtu.

Kwenye jaribio hilo angalia mambo mawili. La kwanza ni urefu. Besi nyingi za kawaida zina uzi wa inchi 34, yaani milimita 864 kutoka kizingiti cha plastiki kilicho juu ya shingo hadi kitandiko cha daraja, kile kipande kidogo ambacho uzi hukalia. Freti ya 12 iko katikati kabisa, kwa hiyo pima kutoka kizingiti hadi freti ya 12, upate 432, kisha uhakikishe kwamba kitandiko cha uzi mwembamba kinaweza kufika umbali uleule upande wa pili. Kile cha uzi mnene hukaa nyuma zaidi kwa milimita chache, kwa hiyo kiachie nafasi ya kurudi.

La pili ni unyoofu. Funga shingo, vuta uzi wa kwanza na wa nne, utazame kutoka juu. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo iwe sawa pande zote mbili. Ikiwa uzi mmoja unakaribia kuanguka, legeza skrubu nne za shingo kidogo, isukume kwa mkono, ukaze tena. Usihamishe daraja kabla ya kujaribu hivyo.

Kila skrubu itobolewe tundu dogo kuliko unene wake, kisha meno yake uyapake nta ya mshumaa. Skrubu za mashine za kukazia ni laini ajabu, na ikikatikia ndani ya kichwa cha shingo utaichimba kwa saa nzima.

Kichwa cha shingo kimekuja kama kasia. Nikikateje?

Chora umbo kwa penseli ukiwa umeziweka mashine zote nne mahali pake, ili usikate karibu mno na mashimo. Kisha peleka kwa fundi mwenye msumeno wa mkanda, Gikomba au kwa mafundi wa samani popote ulipo. Ni kazi ya dakika tano. Simama hapo hapo. Fundi wa vitanda hajui kwamba milimita mbili zina maana kwako.

Msasa nambari ngapi?

Anza na 180, nenda 240, malizia 320, ukifuata nyuzi za mbao. Ukivuka mbao kwa upana, mikwaruzo itajificha mpaka siku ya rangi. Funga msasa kwenye kipande cha mbao kwenye sehemu bapa, na utumie kiganja kwenye kona za mviringo. Baada ya 240 pangusa mwili mzima kwa kitambaa kibichi. Vinyweleo vya mbao vitasimama. Ukikauka, vinyoe kwa 320.

Kama kuna kibonyeo, usikijaze kwanza. Weka kitambaa kilicholowa juu yake, kisha gusa kwa pasi ya nguo yenye moto. Mvuke utavimbisha mbao na kibonyeo kitapanda. Mbao za seti za bei nafuu ni laini sana, ukucha tu unaacha alama, kwa hiyo ujanja huu utauhitaji zaidi ya mara moja.

Kabla ya kununua rangi ya kupenya, dondosha tone la maji. Likizama, mbao iko tupu. Likikaa juu kama umande kwenye jani la sukuma wiki, kiwanda kiliipaka sila, yaani dawa ya kuziba mbao, na rangi ya kupenya haitaingia. Hapo una njia mbili: uichune sila yote kwa msasa, au upake rangi ya kufunika. Mimi ningechagua ya pili.

Nipake nini?

Hapa Nairobi ina baraka yake. Laka ya NC, ambayo mafundi wetu wa samani hupaka kabati na viti kila siku, ni jamii ileile ya nitroselulosi iliyopakwa kwenye magitaa ya Marekani ya miaka ya hamsini. Ng'ambo watu huilipia pesa nyingi kama kitu adimu. Hapa iko kwenye duka la rangi, na sila yake na thina yake rafu moja.

Hatua ni hizi: sila mara mbili au tatu, ukisugua kwa msasa wa 320 katikati. Mbao yenye vinyweleo wazi, kama mahogani, huhitaji kwanza dawa ya kujazia matundu, la sivyo laka itazama humo miezi kadhaa baadaye. Kisha rangi, kisha laka safi tabaka sita hadi nane, nyembamba, na si zaidi ya tatu kwa siku. Tabaka la NC huyeyusha kidogo lile la chini yake na kushikana nalo, kwa hiyo huhitaji kusugua kila mara, labda uondoe vumbi lililonasa.

Ziba mfuko wa shingo kwa utepe wa karatasi. Rangi ikijaa mle, shingo haitaingia, na ukiilazimisha mwili utapasuka pembeni. Funga kipande cha mbao kwenye mashimo ya shingo kiwe mpini, ili ushike hapo na uning'inize hapo.

Naweza kupaka msimu wowote?

Hapana, na ndiyo sababu ile ya nne iliharibika. Niliipaka mwezi wa Aprili, kwenye veranda, mvua ikiwa imesimama tu kuvuta pumzi. Thina inapopaa hupoza uso wa mbao. Hewa ikiwa na unyevu, unyevu hugeuka matone ya maji pale na kunaswa ndani ya laka, na kitu cheusi kinageuka rangi ya maji ya kuoshea mchele. Dawa ipo: ngoja siku kavu, upulizie thina inayokauka polepole, tabaka jepesi tu, laka iyeyuke na kutoa unyevu. Mimi sikungoja siku kavu. Nilipulizia tabaka lingine juu, jioni ileile, halafu lingine.

Epuka Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Disemba upake kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana siku jua likiwaka. Juni hadi Agosti hakuna mvua nyingi ila baridi huchelewesha kukauka. Januari na Februari ndizo nzuri, isipokuwa vumbi. Mwagia sakafu maji kidogo nusu saa kabla ya kupaka, vumbi litalala.

Sina bunduki ya rangi wala kompresa. Nimpe fundi wa magari?

Inawezekana, na wengine hupaka vizuri kuliko mimi. Nenda kwa wapulizaji wa gereji, maeneo ya Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, au karibu na mtaani kwako. Mweleze mambo matatu: tabaka ziwe nyembamba, asijaze plasta ya gari kwenye mashimo ya skrubu, na asikaushe kwa taa ya moto. Rangi ya gari inayochanganywa na dawa ya kugandisha ni ngumu na nzuri, lakini mvuke wake ni hatari kwa mapafu. Usiipulizie nyumbani kwa barakoa ya kitambaa. Mwachie mwenye kibanda na kinga zake.

Hata NC isipuliziwe jikoni wala karibu na jiko la gesi. Mvuke wa thina hutambaa chini na kushika moto mbali na ulipo mkebe.

Kuna njia isiyohitaji kupulizia?

Mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, ya duka la vifaa. Paka kwa kitambaa, ngoja dakika 15, pangusa yote yaliyobaki juu, rudia kesho, mara tano au sita. Hayatang'aa kama kioo ila mbao itaonekana ni mbao, na mkwaruzo hurekebishika kwa tone moja. Nyuma ya shingo mimi hupaka mafuta hata kama mwili una laka, kwa sababu kidole gumba hakikwami.

Vitambaa vyenye mafuta hayo usivikunje ukavitupa kwenye pipa. Yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa huweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze kwenye kamba nje hadi vikakamae, au uvizamishe kwenye maji.

Nikimaliza tabaka la mwisho, naweza kufunga kesho?

Ngoja wiki tatu au nne. Laka ya NC hukauka kwa mguso ndani ya dakika chache na hilo ndilo linalodanganya watu, kwani ndani bado ni laini. Kijana wa kwaya alibeba ya kwake kwenye matatu siku ya tatu, ikiwa imefungwa kwenye shuka, na hadi leo mgongo wa besi una alama za kitambaa. Anasema ni mapambo.

Baada ya hapo sugua kwa msasa wa maji: 1000, 1500, 2000, maji yakiwa na tone la sabuni. Maji yasiingie kwenye matundu ya skrubu, mbao itavimba na kupasua laka pembeni. Malizia kwa dawa ya kung'arishia magari.

Waya zinanitisha. Zinaunganishwaje?

Kwenye Precision ni chache: pikapu hadi kifundo cha sauti, kutoka hapo hadi tundu la kebo, na kifundo cha toni kikiwa na kapasita ya mikrofaradi 0.047 inayomwaga sauti kali kwenye ethi (earth). Pasha moto kile unacholehemu, kisha risasi iguse chuma hicho, isiguse pasi peke yake. Ikikauka ikang'aa imeshika; mara nyingi iliyo kijivu chenye mikunjo haikushika.

Kabla ya kuweka nyuzi, chomeka kwenye amplifaya, sauti chini, ugonge pikapu polepole kwa bisibisi. Ukisikia ko, ko, iko hai.

Waya unaosahaulika ni ule wa ethi unaopita chini ya daraja. Ncha yake iwe tupu na iguse chuma.

Inavuma. Nimekosea wapi?

Shika nyuzi kwa mkono. Mvumo ukipungua, ethi iko sawa, na kilichobaki ni kuvisha mashimo ya ndani utepe wa shaba na kuuunganisha na ethi. Usipobadilika, fungua daraja: huenda kuna laka kati ya waya na chuma. Ikwangue.

Nikigusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja napigwa na stima. Ni besi?

Karibu kila mara ni jengo au mojawapo ya mashine. Kuna soketi nyingi mjini zenye tundu la tatu lisilounganishwa na kitu chochote. Hapa hatuzungumzii mvumo tena. Umeme wetu ni volti 240 na unaua. Acha kupiga, zima mashine, aitwe fundi wa stima kabla ya ibada inayofuata. Usikubali kuambiwa uvae viatu vya mpira uendelee.

Nimeweka nyuzi, lakini ziko juu kama kamba za kuanikia nguo.

Kwanza zikaze hadi sauti zake, E, A, D, G, kwa sababu nyuzi nne za kawaida huvuta shingo kwa zaidi ya kilo 70 na bila mvuto huo unapima shingo nyingine. Uzi mnene ukunje kwanza pembe mraba ndipo uukate, usije ukafumuka.

Kisha shingo. Kandamiza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, tazama mwanya juu ya freti ya 7 au 8. Uwe kama milimita 0.3. Ukiwa mkubwa, zungusha chuma cha ndani ya shingo kwa alenki kuelekea kulia, robo mzunguko, halafu uache hadi kesho. Kama hakuna mwanya kabisa, kushoto. Kikikataa, usikilazimishe.

Ndipo urefu wa nyuzi: juu ya freti ya 12, kama milimita 2 kwa G na 2.5 kwa E. Mwisho, usahihi wa sauti. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, usikilize, kisha ukandamize hapohapo. Ikiwa ile ya kukandamiza iko juu zaidi, rudisha kitandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Programu ya simu ya kupima sauti inatosha.

Ukifanya haya mwezi wa Aprili, yapime tena Januari. Mbao hunywea wakati wa ukavu na ncha za freti hutokeza pembeni zikakwaruza kiganja. Tupa la chuma, dakika kumi, basi.

Nyuzi gani kwa rumba ya zamani?

Zilizo bapa, zisizo na mikwaruzo. Sauti yake ni mviringo na fupi, inakaribia ile ya bendi za Nairobi za mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati Tom Malanga akipiga besi na Les Wanyika. Ni ghali ila hukaa miaka. Kwa kanisa la leo, nyuzi za kawaida za unene wa 45 hadi 105 (sehemu za elfu za inchi).

Naweza kubandika nembo ya Fender kichwani?

Ya kazi gani? Siku ukiuza utakuwa umemdanganya mtu, na wapiga besi mjini tunajuana. Wafanyakazi wa Fender wenyewe walikuwa wakiandika tarehe kwa penseli kwenye kisigino cha shingo, mahali pasipoonekana hadi skrubu nne zifunguliwe. Mimi huandika hapo: tarehe, jina la mtaa, na kwenye ile ya kwanza, bei ya msasa.